Soko Likijaa, Uliza Limejazwa na Nani

Majengo, Dodoma
24 Agosti 2025

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na nimeona nikujibu kwa barua maana nina mengi, na bando la mwalimu mstaafu halihimili. Ataileta kaka yako anayepanda treni ya mwendokasi Ijumaa, pamoja na karanga za kuchemsha na mlenda wa unga. Huo mlenda usiuonee aibu mbele ya wenzako wa hosteli. Wape waonje.

Huku wote ni wazima. Baba yako anahangaika na zabibu; mavuno ya pili ya mwaka yameshaanza na wanunuzi wanamzungusha kwenye bei, kwa sababu wanajua zabibu ikishaiva haimsubiri mtu. Mama yako anasema usiishi kwa chipsi. Nimefikisha.

Umesema umefika Kariakoo, ukalitazama soko kwa nje, ukazunguka Msimbazi, Kongo na Mtaa wa Swahili mpaka miguu ikagoma, na ukamaliza kwa kusema: "Shangazi, huku kila kitu kipo. Kwetu hakuna kitu." Neno hilo ndilo lililonikalisha mezani. Sikukasirika. Hata mimi niliposhuka Dar es Salaam mara ya kwanza, nikakuta machungwa yamerundikwa kama mtama uwanjani kwetu, nilidhani nimefika kwenye chimbuko la chakula. Lakini wewe unasoma biashara, na mtu anayesoma biashara hapaswi kuondoka sokoni na maneno hayo mdomoni.

Kariakoo haioti hata mchicha. Kila ulichokiona pale kilibebwa kikaletwa. Machungwa yametoka Muheza, nanasi limetoka Kiwangwa, viazi mviringo vimetoka Njombe na Mbeya, mchele umetoka Kyela au Mbarali, dagaa wametoka Mwanza na Kigoma. Na ukipita kwenye karanga, alizeti, ufuta, asali na kuku wa kienyeji, hapo umetukuta sisi, watu wa Dodoma na Singida, tunaosemwa kuwa hatuna kitu. Soko la mjini ni ramani ya nchi iliyotandazwa kwenye meza, ila majina ya mahali yamefutwa. Kazi yako ni kuyauliza.

Nianze na jengo lenyewe. Siku ukipita tena, simama upande wa pili wa barabara uangalie paa kabla hujaangalia bidhaa. Utaona maumbo makubwa ya zege yaliyofunguka kwa juu, mfano wa miamvuli iliyopinduliwa, kila moja limesimama juu ya nguzo yake. Aliyelichora ni Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kufungua ofisi yao wenyewe. Ya kwake aliifungua mwaka 1969. Jengo likajengwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Miamvuli ile haikuwekwa kwa urembo. Inapitisha hewa na mwanga kwa watu wanaoshinda humo toka alfajiri, na mvua ikinyesha inayakusanya maji na kuyateremsha hadi kwenye tangi lililo chini. Sisi tunaopata milimita 500 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, tunajua thamani ya paa la namna hiyo. Wenzetu wa pwani wamelitazama miaka yote bila kujua kwamba lina kazi.

Nilipokuwa naenda enzi hizo, mzigo wa jumla ulishushwa chini, kule wanakokuita shimoni. Unateremka ngazi, joto linakupokea, harufu ya vitunguu na nyanya zilizominyika inakupanda kichwani. Ukifika chini huna ruhusa ya kushangaa, maana nyuma yako kuna mtu amebeba gunia la viazi mgongoni anapiga kelele "Mzigo! Mzigo!" na hatasimama kwa ajili yako. Juu ndiko kulikuwa na nafaka, viungo, na maduka ya mbegu na pembejeo. Hapo kwenye mbegu ndipo nilipokuwa nakaa zaidi. Nilikuwa nakutana na wakulima wa kwetu wametoka kuuza mzigo, hela iko ndani ya soksi, wananunua mbegu za msimu ujao kabla mji haujazila hela zao. Kwa hiyo ujue, hata Kariakoo kuna njia ya kurudi: gunia linaingia mlango mmoja, pakiti ya mbegu inatokea mwingine.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lile liliungua. Wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji ndani ya saa chache, wakatawanywa kwenye masoko mengine ya jiji, na baada yake ikafuata kazi ya kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni. Siku zile, hapa Majengo nilisikia watu wakiulizana, "Sasa mzigo wetu utashukia wapi?" Mtu wa Dar es Salaam alipoteza kibanda, na mtu wa Kongwa ambaye hajawahi kuliona jengo lile naye alipoteza mnunuzi. Jifunze hapo. Bomba likiziba upande mmoja, upande wa pili unafurika au unakauka.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Unajua nilikuwa mwalimu wa historia, kwa hiyo vumilia.

Kabla ya jengo la Amuli palikuwa na jengo la Wajerumani. Walilijenga wakikusudia liwe soko, vita vikaanza mwaka 1914 mambo yakavurugika. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, mahali pale wakaweka wapagazi wao wa vita, wale waliobeba unga, risasi na majeruhi kwa miguu nyuma ya majeshi. Soko la chakula lilikuja kuanza pale mwaka 1923. Kwa hiyo udongo ule, kabla haujapokea magunia, ulipokea watu waliobebeshwa magunia.

Na wengine katika wapagazi hao walitoka huku. Reli ya Kati ilipita Dodoma, na jeshi hupita penye reli. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu. Waingereza walipofika mwaka 1916 nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu. Mashamba yakabaki kwa kina mama, wazee na watoto, ghala tupu, zizi tupu. Kisha mvua ikakata. Njaa iliyofuata wazee wetu waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kuwa iliua watu wapatao 30,000, karibu mtu mmoja katika kila watano waliokuwa wakiishi Ugogo. Bibi yangu hakuwa na tarehe ya kuzaliwa. Ukimuuliza umri alikujibu kwamba Mtunya ilimkuta akiwa ameshaanza kutwanga. Mpaka anazeeka alikuwa haruhusu punje idondoke chini ya kinu bila kuokotwa. Sisi watoto tulimcheka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nakueleza haya kwa sababu watu husema Ugogo ni nchi ya njaa, ukame ndio umetuumba. Ukame upo, sikatai. Lakini wazee walikuwa na dawa zake: uwele na mtama vinavyostahimili jua, mlenda uliokaushwa, ng'ombe wa kubadilisha kwa nafaka mwaka mbaya ukifika, na ndugu wa mbali wa kukimbilia. Mwaka ule dawa zote zilikuwa zimeshabebwa. Ukame ulikuta nyumba imekwisha kufagiliwa.

Miaka kama thelathini baadaye wakaja wengine na hesabu nyingine. Waingereza, wakiwa wametoka kwenye Vita vya Pili hawana mafuta ya kupikia, wakaamua Tanganyika iwalimie karanga. Kituo kikubwa cha kuanzia kikawa Kongwa, hapo hapo unapopita ukija nyumbani. Wakaleta matrekta ya kila aina, mengine yaliyobaki vitani, kung'oa vichaka. Hawakuuliza wenyeji. Mgogo yeyote angewaambia kwamba udongo ule ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji, na kwamba mvua ya Kongwa haina ahadi. Walianza mwaka 1947, na ilipofika mwanzoni mwa 1951 serikali yao ikautupa mpango wote baada ya kuzama nao pauni milioni 36 hivi. Mama yangu, ambaye hakujua kusoma, aliendelea kulima karanga kwa jembe la mkono mwaka hadi mwaka na kuziuza hapa Majengo kwa kopo. Karanga hazikuikataa Kongwa. Zilikataa kulimwa na mtu asiyeuliza.

Haya, tutoke darasani tuingie barabarani, maana mzigo wa siku hizi hausafiri kichwani mwa mtu.

Siku ukija likizo, usipitilize. Shuka Kibaigwa, nitakuja tukutane. Pale kuna soko kubwa la mahindi lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mahindi yanaingia kutoka vijiji vya Kongwa na mpaka Kiteto huko Manyara. Msimu ukichanganya unakuta malori yamepanga foleni, makuli wamevaa magunia mabegani kama kofia zenye mikia, vumbi la pumba limewapaka kope nyeupe. Kuna mizani, kuna anayepiga chepeo, kuna akina mama wanaofagia punje zilizomwagika na kuzipepeta pembeni. Hao wanaofagia uwasalimie kwa heshima. Wengi wanasomesha watoto kwa punje zile.

Angalia mizani vizuri, kwa sababu safari ya mkulima ina mahali pengi pa kunyolewa, na pa kwanza ni kipimo. Kule vijijini, mchuuzi anakuja na debe lake, analijaza mpaka linatoa kilele, na kilele hicho hakilipwi. Kwenye viazi, vitunguu na kabichi ndiko utakutana na lumbesa. Nikueleze inavyofungwa, nimeshuhudia mara nyingi. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Vijana wawili wanalinyanyua na kulidondosha ili vilivyomo vishuke. Wanajaza tena. Halafu badala ya kulishona mdomo, wanaliongezea kipande cha gunia lingine kwa juu, wanakipachika kwa kamba na sindano ndefu, na humo wanapanga safu nyingine mpaka gunia linaota kichwa na mabega. Bei iliyokubaliwa ni ya gunia. Tuseme lina kilo 130 na limelipwa kama la 100: kilo 30 zimeondoka bure, na kuli naye amebeba kilo 30 asizolipwa. Sheria imekataza, mzigo usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata. Lakini mkulima aliye na ada ya shule ya kulipa kesho hagombani na mnunuzi pekee aliyefika kijijini leo.

Baada ya kipimo kuna gharama ya gunia lenyewe, kupakia, ushuru wa halmashauri, nauli ya lori, kushusha, dalali, meza ya sokoni. Mahindi mengi ya kwetu hata hayafiki Kariakoo, yanaishia Tandale na Manzese, yanasagwa, unayakuta dukani kama sembe yenye picha nzuri kwenye mfuko. Sisemi kwamba wote hao katikati ni wezi. Bila lori, mahindi ya Kiteto ni chakula cha panya. Dalali mzuri anajua nani anahitaji nini, na anakuokoa usizunguke mji na mzigo unaooza. Ninachokuambia ni kwamba kila mmoja wao ana jina na ana kazi, na anayesoma biashara lazima aweze kuwataja kwa mpangilio, aseme huyu amestahili alichopata na huyu amezidisha. Usipoweza kuwataja, utabaki kusema "vitu vimepanda bei" kama mtu asemaye "kumekucha".

Kwa hiyo utakaporudi kwenye masoko ya huko, fuata haya.

Nenda mapema, mzigo ukiwa unashuka. Ukienda saa sita mchana utakuta maonyesho, kazi yenyewe imeisha. Vaa viatu vya kufunika vidole. Simu iweke ndani, hela ya matumizi iwe mkononi kwa noti ndogo, nyingine uifiche. Mawinga watakuvuta, wale vijana wasio na duka wanaokupeleka kwenye duka la mtu wapate cha juu. Usiwatukane, wanatafuta riziki. Mwambie "asante kaka, naangalia tu," uendelee na safari. Anayesukuma mkokoteni mpishe, hata kama wewe ndiye uliyewahi njia; yeye ana tani mbele yake, wewe una mkoba.

Usipatane bei ya kitu usichokusudia kununua. Kumpotezea mtu muda asubuhi ni kumpotezea siku. Nunua kwanza, hata nyanya za buku, kisha ndiyo uulize: "Mama, mzigo huu umetoka wapi?" Ukishanunua, wewe ni mteja, na mteja anajibiwa. Uliza umefika lini, umeletwa na nani, umeharibika kiasi gani njiani, na bei wiki iliyopita ilikuwaje. Hapo utasikia mambo ambayo mwalimu wako hana. Kuna mama mmoja wa vitunguu aliwahi kunieleza habari za mvua ya Ruaha Mbuyuni vizuri kuliko redio, naye alikuwa hajawahi kukanyaga huko. Aliijua kwa jinsi magunia yalivyokuwa yakifika yameloa.

Na hilo la "kwetu hakuna kitu" nalitaka ulifute mwenyewe. Ukija nitakupeleka Soko Kuu la Majengo kama mgeni. Utaona uwele na mtama uliopepetwa, choroko, kunde, ubuyu mweupe na mwekundu, ukwaju, karanga za aina zisizo na majina ya dukani, mlenda wa unga umerundikwa kwa kopo. Utakuta pia machungwa yale yale ya Muheza, na ndizi za Tukuyu, na dagaa wa Mwanza, maana sisi tuko katikati ya nchi na barabara zote zinatupitia. Mji umekua; tangu serikali ihamie kweli kweli na Dodoma kutangazwa jiji Aprili 2018, walaji wameongezeka hapa hapa. Mkulima wa Mpwapwa aliyekuwa akiitazama Dar es Salaam peke yake sasa ana soko lingine karibu. Jumamosi tutakwenda mnadani Msalato, ule nyama choma ambayo mwenye ng'ombe wake umemwona, uwaone pia wafugaji wanavyopatana bei ya dume bila haraka.

Kuna jambo moja linaniudhi na nakuachia wewe ulifikirie. Zabibu za baba yako. Wamisionari wa Bihawana walizileta huku katika miaka ya 1950, leo Dodoma ndiyo zabibu ya Tanzania, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Lakini mkulima anashikwa shati na saa. Zikishaiva ana siku chache tu: auze kwa bei ya anayekuja, au zioze. Mahindi yanaweza kusubiri ghalani, zabibu haziwezi. Kwa hiyo nguvu ya bei iko kwa mwenye chumba cha baridi na mwenye kiwanda, haiko kwa mwenye shamba. Sasa treni inatoka hapa hadi Dar es Salaam kwa saa chache. Je, kikundi cha wakulima kumi kingeweza kufanya nini kwa saa chache hizo? Sikuulizi kwa mapambo. Baba yako ana swali hilo hilo ila hajui kulipangia hesabu. Wewe ndiye tuliyekupeleka chuo ukajifunze kulipangia.

Basi nakupa kazi, maana ualimu hautoki. Chagua vitu vitatu: kilo ya karanga, kilo ya unga wa sembe, kilo ya zabibu. Nitachukua bei ya shambani na ya Majengo. Ya mahindi nitaichukua Kibaigwa, wewe hesabu unga unaotoka kwenye gunia. Wewe chukua ya huko, sokoni na kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi. Kisha katikati ya bei yangu na bei yako uandike kila mkono uliopokea na sehemu yake. Mahali ambapo hutaweza kueleza hela imekwenda wapi, weka alama nyekundu. Uniletee daftari hilo likizo ya Desemba. Tutalisoma na baba yako kabla hajaenda kuzungumza na mnunuzi yeyote wa mavuno ya Februari.

Wasalimie wote. Shangazi zako wa Chamwino wanakusalimu, na bibi anauliza kama huko wanajua kusonga ugali wa uwele. Nimemjibu kwamba umekwenda kuwafundisha.

Ni mimi,
Shangazi yako